Jeli Iliyokunywa Maji ya Udhu

Nilifika Kilifi juu ya lori la vitunguu, siku ya tatu tangu niondoke Kitale, nikiwa nimekumbatia kichwa cha cherehani ya viatu nilichokifunga ndani ya blanketi. Lori liliharibika mara mbili, na mara ya pili, tulipokwisha kuipita Mtito Andei, tulikaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi alasiri tukisubiri kipuri cha breki. Dereva aliniuliza mtu gani anabeba cherehani kutoka huko kote wakati Pwani kuna cherehani. Nikamjibu kwamba hii inaujua mkono wangu. Nilikuwa nimeondoka kwetu Marafa mara tu baada ya kidato cha nne, nikashona viatu Voi, Naivasha, Eldoret, Kitale, na miji mingine ambayo majina ya mitaa yake yamenitoka lakini harufu ya kila kibanda naikumbuka. Kila nilipokaa nilikumbuka nyumbani, na kila niliporudi nyumbani nyayo ziliniwasha. Safari hii binamu yangu alikuwa amenipigia simu akasema kuna karakana Kibarani inatafuta mtu wa kushona soli kwa ajili ya watu ambao miguu yao haisikii. Sikumwelewa. Nikapanda lori.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye meza ile, na watakaokuja baada yenu. Najua mnacheka kwamba mtu wa miaka arobaini na sita anajiita mstaafu. Kazi hii nimestaafu. Kazi nyingine mwili utaamua. Vyeo na mishahara sitaviandika, havijawahi kumfundisha mtu kushona. Nitaandika jinsi tulivyofanya kazi, kisha nitaandika kilichompata Mzee Twalib, kwa sababu kabatini mwa ofisi kuna karatasi inayosema vingine, na mimi siwezi kukaa kimya huku karatasi ikisema.

Siku ya kwanza nilikuta chumba kimoja kirefu, meza mbili, friza, jiko la umeme, na mzee mwenye kofia ya kazi akikoroga kitu ndani ya sufuria. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikauliza anapika nini. Akasema anapika miguu. Huyo ndiye Mzee Twalib. Kabla ya hapo alikuwa amepika halua Malindi maisha yake yote, na waliompeleka karakana walimpeleka kwa sababu moja tu: wasomi waliokuwapo walikuwa wanashindwa kuipika jeli bila kuijaza povu, na mtu aliyekoroga halua kwa nusu karne hawezi kushindwa na povu. Kisukari alikuwa nacho. Alidai kilimwingia kwa kuonja, na hakuna daktari aliyeweza kumtoa katika imani hiyo.

Jeli yenyewe si muujiza, ingawa wageni walikuwa wakiipiga picha kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Ni unga mweupe wa plastiki unaoyeyuka kwenye maji moto, chumvi, na gliserini, ile ile ambayo watu hujipaka midomoni. Unaipika taratibu, unaimimina kwenye kalibu, unaigandisha, unaiacha ilainike, unaigandisha tena, mara tatu. Ikitoka inakuwa kama nyama ya dafu: ukiibonyeza inabonyea, ukiiachia inarudi. Chumvi iliyomo hupitisha umeme mdogo sana, na umeme huo hubadilika kadiri jeli inavyokandamizwa. Tulishona vipande sita katika kila soli, chini ya vidole, chini ya kisigino na pale unyayo unapobeba uzito, tukaviunganisha kwa nyuzi zenye shaba hadi kwenye kijisanduku cha kifundoni. Mtu akikanyaga kitu kigumu, au akikandamiza mahali pamoja kwa muda mrefu, saa aliyoivaa mkononi inatikisika. Mguu hausikii lakini mkono unasikia. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kukanyaga msumari asubuhi akala chakula cha mchana akiwa nao. Hiyo ndiyo sababu ya kazi yote.

Mzee alinifundisha kupika kwanza, kushona baadaye, ingawa mimi ndiye niliyeajiriwa kushona. Alinitazama nikikoroga, akauchukua mwiko.

"Weye wakoroga kama unamfukuza mtu," aliniambia. "Hewa ikiingia humu haitoki tena. Koroga kama huna pa kwenda."

Mimi, mtu ambaye siku zote nina pa kwenda, ilinichukua miezi minne. Povu moja dogo kama punje ya ulezi linatosha kuharibu kipande, maana pale penye hewa jeli haisikii kitu. Nikaja kushona, nikaipitisha sindano katikati ya jeli kama ninavyoipitisha kwenye ngozi. Mzee aliiinua ile soli kuelekea mwanga wa dirisha, matundu yakaonekana, akaniuliza kama jeli nayo nimeichuna kwa ng'ombe. Tangu hapo nikawa naacha upana wa kidole kati ya mshono na jeli, nanyi endeleeni hivyo hivyo, hata mkiambiwa mbane nafasi. Kupima tulipima kwa mawe ya mizani tuliyonunua kwa muuza duka: nusu kilo, kilo, kilo mbili, juu ya kila kipande, na Mzee akiandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa madrasa. Umeme ukikatika, jeli ikalainika frizani kabla ya wakati, tulitupa kundi zima na kuanza upya. Hatukuwahi kubishana kuhusu hilo.

Miaka ya mwanzo soli zilikuwa za kujaribu tu, mezani na miguuni mwetu wenyewe. Mwaka wa tano akaja Injinia Sanga kutoka Nairobi kuwa msimamizi, na pamoja naye ukaja mpango. Sasa soli zitavaliwa na wagonjwa wenyewe, mchana kutwa, na habari za miguu yao zitapelekwa kwa wakubwa kila wiki. Alikuwa kijana mpole, mwenye akili, anayesalimia kila mtu. Nasema hivyo ili msidhani nimekasirishwa na mtu mbaya. Mpango ulitaka kila mvaaji avae kiatu cha aina moja: cheusi, kilichofunikwa, cha kamba, kama cha askari wa zamu. Kilichaguliwa na watu walio mbali, katika chumba chenye baridi, na hapana hata mmoja wao aliyeuliza watu wa hapa wanavaa nini.

Watu wa hapa wanavaa ndara. Mlangoni wanazivua. Nyumbani wanakaa miguu mitupu, jikoni, ukumbini, uani, na humo ndimo vigae vya chupa na misumari ilimo. Mama mmoja wa kwetu Marafa, mkulima, alipokea viatu vyake kwa heshima akavifungia sandukuni. Taarifa yake ilionyesha anatembea Jumapili tu. Nilipokwenda kumuuliza alinishangaa: viatu vizuri namna ile avivae shambani, ili iwe nini? Injinia aliandika kwamba mvaaji hana ushirikiano. Neno hilo, ushirikiano, nililisikia mwaka ule kuliko miaka yangu yote ya nyuma.

Mzee Twalib aliomba mwenyewe kuwa mvaaji. Alikuwa na haki kuliko mtu yeyote. Mguu wake wa kushoto ulishawahi kupata kidonda kilichochukua karibu mwaka kufunga, na nesi wa kliniki alimwambia mbele yangu kwamba kidonda cha pili mguu ule hautakistahimili, utakatwa. Akanigeukia mimi akasema kwa hiyo fundi asimtoe machoni. Nilisema sitamtoa.

Wiki ya kwanza tu taarifa yake ilikuja vibaya. Asubuhi soli ilikuwa ikisema vizuri, ikifika adhuhuri inaanza kunyamaza, alasiri imekufa kabisa, na mashine inaandika kwamba kiatu hakijavaliwa. Mzee aliapa kwamba amekivaa. Nilimwamini, kwa sababu tulikaa meza moja na nilikiona mguuni. Nikaifungua soli, nikaibinya, maji yakatoka. Jeli ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukizwa chaini. Mzee alikikata kipande kidogo kwa ukucha akakitia ulimini, jambo ambalo sheria za karakana zinalikataza na ambalo hakuna mwingine angelifikiria isipokuwa mpishi.

"Chapwa," alisema. "Chumvi yote imeoshwa."

Hapo ndipo tulipoelewa, na tuliona aibu kwamba tulichelewa. Mtu anayeswali anaosha miguu yake mara tano kwa siku. Anaosha hadi vifundoni, anapitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya mguu, kisha baada ya swala anairudisha miguu ile kwenye kiatu. Kitambaa cha soli kinakunywa, jeli inakunywa, chumvi inatoka kidogo kidogo, na bila chumvi hakuna umeme. Sisi wawili tulikuwa tumeitengeneza soli ile kwa miaka, mmoja wetu akiswali kila siku hatua hamsini kutoka kwenye meza, na tulikuwa tumeipima kwa mawe makavu.

Nilimpelekea Injinia jambo hilo siku ile ile. Alinisikiliza vizuri akasema, "Fundi, si wakaushe miguu? Taulo ni kitu ya kawaida." Wakakausha. Haikusaidia, maana unyevu wa katikati ya vidole hautoki kwa taulo la msikitini. Nikasema tuifunge jeli kwa gamba la plastiki. Tulijaribu: gamba jembamba lilipenyeza maji kwenye mshono, gamba nene likaifanya jeli isisikie hata kilo mbili. Nikasema tubadilishe soli nzima. Injinia akasema soli imeshapitishwa, na ikibadilishwa katikati, taarifa zote za nyuma zitakuwa bure. Basi zikaendelea kuja taarifa za miguu iliyokufa, kila wiki, zikipokewa na kushukuriwa.

Aliyepata dawa ni Mzee. Alikuwa akikoroga, mgongo wake kwangu, akaniuliza kama naweza kushona khufu. Mimi Mkristo, sikujua. Akanieleza: ni soksi za ngozi, nene za kutembelea, zinazofunika mguu hadi juu ya kifundo na hazipitishi maji. Anayezivaa baada ya kutawadha vizuri na kuosha miguu hahitaji kuivua kwa udhu unaofuata. Anapangusa juu ya ngozi kwa mkono uliolowa, na kwa mkazi wa mji ruhusa hiyo ni ya mchana mmoja na usiku wake. Anaingia nazo msikitini. Anakaa nazo nyumbani. Sheria ipo tangu zamani, alisema, ila joto la hapa limewafanya watu waisahau.

Niliweka kazi nyingine zote chini. Nilichagua ngozi ya mbuzi iliyo laini kwa juu na ya ng'ombe kwa chini, nikaishona kwa uzi uliotiwa nta, mshono ukiwa nje ili ndani pasiwe na kitu cha kuchubua, na vile vipande sita vya jeli nikavilaza kati ya ngozi mbili. Mzee alizipeleka kwa maalim wake, wakazimwagia maji, wakazigeuza, wakaridhika. Akawa anaosha miguu alfajiri nyumbani kwa bintiye Mnarani, anaikausha vizuri kwa muda wake mwenyewe, anavaa khufu, na nje anaziingiza kwenye ndara kubwa. Baada ya isha anazivua, na binti anaikagua miguu kwa tochi na kioo kama nesi alivyotaka.

Soli zile zilisema, alfajiri hadi isha, bila kunyamaza, wiki saba. Siku moja Mzee alikuja akicheka, akasimulia kwamba saa ilimtikisika katikati ya swala, na aliposujudu akaona amekuwa akisimama juu ya kizibo cha soda kilichokuwa chini ya mkeka. Mkononi mwangu sijawahi kuwa na kazi bora kuliko ile. Nikaandika kila kitu, nikachora, nikampa Injinia.

Alizisoma karatasi zangu zote. Alisema ni kazi nzuri. Kisha akasema haiko kwa mpango. Mvaaji wa mpango ni yule aliyevaa kiatu cha mpango, na wiki zile saba hazihesabiki. Ama Mzee arudi kwenye kiatu, ama atolewe kwenye orodha, na saa apewe mwingine. Nilimwambia Mzee atolewe, nitamshonea saa nyingine kwa meno ikibidi. Lakini saa hatukuzitengeneza sisi, na khufu bila saa ni soksi tu. Mzee aliogopa kuikosa ile saa kuliko alivyokiogopa kile kiatu.

"Vua, mwanangu," aliniambia. "Afadhali isikie nusu siku kuliko isisikie kabisa."

Nikapiga magoti nikamvua khufu, nikamvalisha viatu vyeusi, nikafunga kamba. Ni mikono hii. Sitafuti mtu wa kunibebea hilo. Ningeweza kukataa siku ile, siku ambayo kukataa kungekuwa na maana, na sikukataa, kwa sababu niliamini kwamba mtu mwenye akili akishasema ni kazi nzuri hawezi kuiacha ipotee.

Ikaingia Ramadhani. Daktari alikuwa amemkataza Mzee kufunga, lakini magharibi alikwenda msikitini kukaa na wenziwe wakifuturu. Viatu vilibaki barazani pamoja na vya watu wote. Watu walikula tende, na kokwa moja ikaingia kwenye kiatu chake cha kushoto. Akaingiza mguu wenye unyevu wa udhu, akafunga kamba, akaenda zake. Siku mbili alitembea juu ya kokwa ile. Alipanda na kushuka ngazi za karakana yetu akiwa nayo. Alikoroga jeli akiwa amesimama juu yake. Kila alipovivua viatu, msikitini au mlangoni kwa bintiye gizani, kokwa ilibaki humo humo ikimsubiri. Usiku wa kwanza binti yake alikuwa kwa wakwe zake, Mzee akajikagua mwenyewe kwa macho yake yaliyochoka, hakuona kitu. Usiku wa pili binti aliona damu kwenye kioo.

Saa haikutikisika hata mara moja. Nilipoifungua soli ile niliionja mwenyewe. Ilikuwa chapwa; chumvi ilikuwa imekwisha, hata ya kusema asubuhi.

Walijaribu kuuokoa mguu kwa siku nyingi. Mwishoni walikata vidole vyote vitano na sehemu ya mbele ya unyayo, na wakatuambia tushukuru kwamba haikuwa gotini.

Alikuwa bado wodini Injinia aliponiita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na ripoti ya tukio, ukurasa mmoja, na chini yake nafasi ya jina la fundi. Iliandikwa kwamba kifaa kilikuwa kizima, na kwamba mvaaji hakufuata maelekezo, alikilowesha mara kwa mara licha ya kushauriwa. Niliomba nikaisome vizuri. Nikaikunja, nikaenda nayo wodini, nikamsomea Mzee neno kwa neno, kwa sababu ilikuwa habari yake na hakuna aliyekuwa amemwonyesha.

Binti yake alisimama akaenda dirishani.

"Nimeosha miguu yangu tangu nina miaka saba," Mzee alisema. "Hebu waulize, Charo. Walipokuja kukaa Kibarani, walikuwa hawasikii adhana?"

Hakuniambia nisaini wala nisisaini. Aliniuliza kama kundi la Jumatatu limetoka bila povu, nikamwambia limetoka.

Nilirudi karakana. Penye nafasi ya jina langu niliandika kwa kalamu, herufi kubwa ili zisomeke: nilimvua khufu kwa amri, soli ililowa kwa maji ya udhu, na nilikuwa nimesema kwamba italowa, kokwa ya tende ilikaa chini ya mguu wake siku mbili na saa haikutikisika, mvaaji alifuata kila alichoambiwa. Nikaandika jina langu lote.

Injinia alisoma, akaivua miwani. Nadhani aliumia kweli. "Fundi, hii siwezi peleka," alisema.

"Basi usipeleke nyingine yenye jina langu."

Baadaye nilisikia kwamba ilichapwa upya na kwamba mmoja wenu aliisaini. Simuulizi ni nani. Anajua, na anapita kila siku mbele ya meza ambayo Mzee alimfundishia kukoroga.

Nilifungua cherehani yangu kwenye meza, nikatoa kichwa chake. Khufu zile mbili nilizikuta kwenye kabati la vitu visivyotumika, nikamwachia binti wa Mzee aamue, akasema nimpelekee. Michoro na vipimo nimeviacha ukutani nyuma ya friza, vimebandikwa kwa gundi ya viatu, haviwezi kubanduka bila kuuchubua ukuta. Visomeni. Ngozi ni ya mbuzi juu na ya ng'ombe chini, mshono nje. Msimpime mtu kwa jiwe kavu tena.

Langoni mlinzi aliandika jina langu kwenye daftari, mzigo niliobeba, na saa ya kutoka. Alikuwa mgeni, hakujua habari zozote. Akaniuliza aandike narudi saa ngapi. Nikamwambia hapo apige mstari.